CRP imepanda baada ya kusafishwa fizi, je matibabu yamenidhuru?

Marahaba mdogo wangu, na pole na hofu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, ngoja niuweke hapa kwa kifupi ili na wengine wenye shida kama yako waelewe tunaongelea nini. Una miaka 41, una kisukari aina ya pili, fizi zilikuwa zinatoka damu kila ukipiga mswaki, daktari wa meno akakuta mifuko, yaani nafasi kati ya fizi na jino, ya kina cha milimita 6 na 7 kwenye meno ya nyuma, akakuchoma ganzi akakusafisha kwa kina mdomo mzima kwa siku moja. Kesho yake ilikuwa siku yako ya kliniki ya sukari, wakatoa damu, CRP, yaani protini ya damu inayopanda mwili ukipambana na kitu, ikasoma 24 wakati mara ya mwisho ilisoma 4. Sasa hivi ni wiki ya tatu, fizi zimenywea, meno yanaonekana marefu, jino moja la nyuma chini bado linatoka damu, na unauliza: matibabu yamenidhuru? kuna kipimo cha fizi yenyewe kinachoonyesha kama mwako umeisha? na ninywe antibaiotiki?

La kwanza hapana, hayajakudhuru, na CRP ile ya kesho yake ingenishangaza zaidi kama isingepanda. Hayo mawili mengine yanataka maelezo marefu kidogo, vumilia.

Kwanza tuelewane neno. Nikisema mwako simaanishi uvimbe unaouona kwenye kioo, namaanisha ile kazi nzima ya kinga ya mwili ndani ya fizi, mishipa inapanuka, seli nyeupe zinamiminika, kemikali zinatolewa, na unaweza kuwa nao miaka kumi bila maumivu hata siku moja, ndo maana watu wengi wanakuja kwetu meno yameshaanza kucheza. Mfuko wa fizi ule wa milimita 6 au 7 ukuta wake wa ndani umechanika chanika, ni kidonda ambacho hukioni. Ukijumlisha kuta za mifuko yote kwa mtu mwenye ugonjwa huu wa fizi inakadiriwa unapata sentimita za mraba kati ya 8 na 20. Kidonda cha ukubwa huo kingekuwa mguuni ungeshakimbilia hospitali siku nyingi, ila kiko chini ya fizi, kinakaa na bakteria usiku na mchana.

Sasa daktari anapoingiza vifaa kukwangua ugaga, ule uchafu mgumu ulioganda kwenye meno, chini ya fizi anatikisa yale makazi ya bakteria, baadhi wanaingia kwenye damu kwa muda mfupi, na tishu nazo zinaumia kidogo. Mwili unajibu. IL-6, kemikali ya kinga inayobeba ujumbe, inapanda, inaliambia ini litengeneze CRP, na ini linatii ndani ya masaa. Pale London, University College London, walifanya utafiti kwa watu 120 wenye ugonjwa mkubwa wa fizi, ukatoka mwaka 2007, nusu walipewa matibabu makali ya fizi na nusu usafi wa kawaida. Masaa 24 baada ya matibabu wale waliosafishwa sana ndo walioonekana vibaya kwenye vipimo, CRP juu, IL-6 juu, hata mishipa ya damu ilikuwa inatanuka kwa shida. Ungesimama hapo ungesema hawa watu wameumizwa. Lakini walipopimwa tena baada ya miezi miwili mishipa yao ilikuwa inafanya kazi vizuri kuliko ya wenzao, na baada ya miezi sita tofauti ikawa kubwa zaidi. Ni watu wale wale na matibabu yale yale, kilichobadilika ni siku ya kupima.

Na wewe ulisafishwa mdomo mzima siku moja. Hili lina maana, kwa sababu walipolinganisha kusafisha mdomo wote kwa mkupuo na kusafisha robo robo kwa siku tofauti, ule mkupuo ndo unaopandisha CRP zaidi siku inayofuata, ila baadae wote wanafika sehemu moja kwenye fizi. Kwa hiyo ile 24 yako imetokana na siku na namna ulivyosafishwa. CRP yenyewe haikai sana kwenye damu, nusu yake inaondoka kila baada ya masaa kama 19, ikishakosa wa kuiagiza inashuka yenyewe. Ukitaka kuirudia basi ngoja upite mwezi na zaidi, na usiipime wiki uliyo na mafua au malaria maana hapo utapata majibu ya kitu kingine kabisa. Onyo moja tu, kama ungekuwa na homa kali, shavu limevimba, mdomo haufunguki vizuri au kumeza kunauma, hapo nisingekuandikia maelezo, ningekwambia nenda hospitali leo leo.

Twende kwenye fizi yenyewe, hapa ndo swali lako lilipo tamu na ndo watu wengi wanapopotoshwa.

Ndani ya fizi yenye mwako kuna watendaji wengi, ntakutajia wachache. Kuna IL-1 beta na TNF alfa, hawa ni wapiga mbiu, wanaita seli nyeupe zije. Kuna prostaglandini E2, inapanua mishipa na inashiriki kwenye kula mfupa. Kuna RANKL, hii ndo inayoamsha zile seli zinazomeng'enya mfupa, na mwenzake OPG anayeizuia, kwa hiyo tunaangalia uwiano wao wawili. Na kuna huyu mi naona ndo wa kumjua zaidi, MMP-8, kimeng'enya kinachotolewa kwa wingi na nyutrofili, yaani zile seli nyeupe zinazofika mwanzo kwenye vita. Kazi yake ni kukata kolajeni. Na kolajeni ndo nyuzi zinazofunga fizi kwenye jino na jino kwenye mfupa. Uone basi jinsi mambo yalivyo, kinachokung'oa meno kwa sehemu kubwa ni silaha za mwili wako mwenyewe zilizolengwa kwa bakteria, bakteria wanachokoza halafu kinga inapiga na nyumba inabomoka.

Sasa hivi vitu vinapimwaje? Njia moja ni kukata kipande kidogo cha fizi na kukipeleka maabara, hiyo ni ya watafiti, mgonjwa wa kawaida hatumkati fizi ili tu kujua IL-1 ni ngapi. Njia ya pili ni yale maji yanayochuruzika kwenye mfereji kati ya fizi na jino. Unakausha jino, unachomeka kikaratasi chembamba pale kwenye mfereji kwa sekunde kama 30, kinanyonya, unakipeleka kupimwa. Ni maji kidogo sana, hata tone moja halifiki, na kila mahali pana maji yake. Kuna pia vipimo vya haraka vya MMP-8 ambavyo kazi kubwa imefanywa na watu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, unasukutua mdomo au unaweka kikaratasi, majibu yanatoka kwa dakika chache kama kile kipimo cha mimba. Kipo, kinasaidia, ila ngoja nikwambie mitego yake kabla hujaanza kukitafuta mjini.

Mtego wa kwanza ni hesabu. Fizi ikipona maji yale yanapungua, inaweza kuwa nusu au robo ya yale ya mwanzo. Sasa maabara ikikupa majibu kwa ujazo, yaani kiasi kwa kila mikrolita, unaweza ukaona namba haijashuka au hata imepanda, wakati jumla ya kitu chenyewe imeshuka sana, ni kama chumvi ya kijiko kimoja kwenye kikombe na nusu kijiko kwenye robo kikombe, ya pili ina ukali zaidi lakini chumvi ni kidogo. Ndo maana utakuta utafiti mmoja unasema IL fulani ilipungua baada ya matibabu na mwingine unasema haikubadilika, na ukichimba unakuta mmoja alihesabu jumla kwa sekunde 30 na mwingine alihesabu ujazo. Nimeona madaktari wenzangu wakibishana kwa nguvu kabisa juu ya jambo hili na wote wako sahihi, kila mtu na kipimo chake.

Mtego wa pili ni mahali. Mdomo una meno 28 mpaka 32 na sisi tunapima sehemu sita kwa kila jino, kwa hiyo ni zaidi ya nukta 160. Ukisukutua mdomo mzima unapata wastani, na wastani unaficha. Nukta 155 zinaweza kuwa zimetulia na tano zinaungua, na hizo tano ndo zitakazokutoa meno. Kwa kesi yako hilo jino moja la nyuma lina habari kuliko sampuli ya mate ya mdomo mzima.

Mtego wa tatu ni muda, na huu nimeshaugusa. Baada ya kusafishwa, siku za mwanzo fizi ni kidonda kibichi, viashiria, yaani hizo kemikali tunazopima, vinaweza kuwa juu na ni haki yake. Wiki moja mpaka mbili ngozi laini ya ndani ya mfuko inajishika tena kwenye jino. Tishu ya chini yake, ile yenye kolajeni, inaendelea kujijenga na kukaza kwa wiki nyingi, kwenye mifuko mirefu ni miezi. Ndo maana hatupendi kuchomeka kifaa cha kupimia kabla ya wiki nne, unatoboa kazi ambayo bado inashonwa. Na wewe uko wiki ya tatu, usimwambie mtu yeyote akupime sasa hivi.

Halafu hivi viashiria havishuki kwa mwendo mmoja. IL-1 beta na MMP-8 kwa kawaida zinashuka vizuri ndani ya wiki chache pale palipopona, na pale pasipopona MMP-8 inabaki juu au inashuka halafu inarudi, hasa kwa wavuta sigara. Uwiano wa RANKL na OPG ni mgumu zaidi, tafiti kadhaa zimekuta haubadiliki sana hata kama fizi kwa macho imependeza. Na hata seli zenyewe haziondoki zote, ukichukua kipande cha fizi iliyopona utakuta bado kuna limfosaiti na seli za plazma, ambazo ni seli za kinga, zimekaa pale, kama zinakumbuka. Fizi ambayo haina seli za kinga kabisa haipo, hata kwa mtu mzima wa afya nyutrofili zinapita kwenye mfereji wa fizi kila dakika kwa maelfu. Kwa hiyo ukisikia mtu anakuahidi mwako utakuwa sifuri, hajui anachosema. Tunachotafuta ni utulivu, seli chache zinazolinda bila kubomoa.

Na kutulia kwenyewe kuna kazi ndani yake. Zamani tulidhani mwako unaisha tu kama moto uliokosa kuni. Siku hizi inajulikana mwili unatengeneza vitu maalum vya kuuzima, kama resolvini zinazotokana na mafuta ya omega 3, zinaziambia nyutrofili basi inatosha na zinaita seli nyingine zije kufagia mabaki. Lakini huwezi kuzima moto huku mtu anaongeza kuni, na kuni hapa ni utando wa bakteria unaojijenga kwenye meno kila siku, na hili lina ushahidi wa zamani sana. Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzuri wakaacha kabisa kusafisha meno, na ndani ya siku 10 mpaka 21 wote wakapata mwako wa fizi, walipoanza kupiga mswaki tena fizi zikarudi kama zamani ndani ya siku chache. Nakuambia hili kwa sababu najua watu wetu wanafanya nini, sehemu ikitoka damu wanaikwepa na mswaki, wanaogopa kuiumiza, kumbe pale ndo panapodai kusafishwa. Usipakwepe pale kwenye jino lako la nyuma, nakuomba sana. Mswaki laini, uelekeze brashi kwenye mpaka wa fizi na jino, na katikati ya meno tumia vile vibrashi vidogo vinavyoingia kwa kukaza kidogo, uzi wa meno kwa mtu ambaye fizi zimenywea hausafishi vizuri kama hivyo vibrashi. Maji ya chumvi ya uvuguvugu hayana ubaya, ila hayaondoi utando, yanaosha tu juu.

Hayo meno kuonekana marefu, najua yanakuumiza moyo na najua mtaani wameshakwambia kusafisha kunalegeza meno. Sikiliza, fizi ilikuwa imevimba ikapanda juu ya jino, chini yake mfupa ulishaliwa zamani, ugaga ulikuwa unajaza nafasi na kushika meno kama saruji. Uvimbe umeshuka, ugaga umetoka, sasa unaona mahali mfupa ulipo kweli. Kwa hiyo kile unachokiona kwenye kioo ndo mwako umeshuka, kwa macho yako, bila maabara. Ganzi ganzi ya maji baridi nayo inapungua kwa wiki kadhaa, dawa ya meno yenye floraidi inasaidia.

Kwa hiyo kipimo gani nakipendekeza? Damu wakati wa kupima mfuko. Najua utaona nakupa kitu cha kizamani wakati nimekutajia kemikali zote zile, ila kina ushahidi ambao viashiria vingi vipya bado vinautafuta. Kule Bern, Uswisi, Niklaus Lang na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliokwisha kutibiwa, wakakuta sehemu isiyotoka damu kila inapopimwa karibu mara zote, kama 98 kati ya 100, inabaki salama. Upande wa pili haukuwa na uhakika hivyo, sehemu iliyotoka damu mara nne mfululizo ilikuwa na uwezekano wa kama 30 kati ya 100 tu wa kuendelea kuharibika. Maana yake kutotoka damu ni habari njema ya kuaminika, kutoka damu ni sababu ya kufuatilia na sio hukumu. Isipokuwa kwa anayevuta sigara, sigara inabana mishipa, fizi yake inaweza isitoke damu na chini kunaungua, huyo usimwamini kwa macho.

Kuhusu antibaiotiki, hapana, usiende duka la dawa kununua amoksilini na metronidazoli kwa ajili ya jino moja linalotoka damu wiki ya tatu. Bakteria wa mfuko wanaishi ndani ya utando mzito unaowakinga, dawa bila kukwangua inawafikia kwa shida, utapata kuharisha na usugu wa dawa bure. Kuna wagonjwa wachache tunaowapa, kwa uamuzi wa daktari na pamoja na kusafishwa. Kuna pia doksisaikilini ya dozi ndogo sana, miligramu 20 mara mbili kwa siku, ambayo haiui bakteria, inazuia MMP zisikate kolajeni, kazi ya Lorne Golub wa Stony Brook kule Marekani, nimeitaja ili uone kwamba sayansi ya hivi viashiria imeshazaa dawa, sio ili ukaitafute mwenyewe.

Sukari yako sasa. Hapa ndo ningetaka uweke nguvu kuliko kwenye CRP. Sukari ikiwa juu seli za fizi zinajibu kwa hasira kupita kiasi na kidonda kinachelewa, na mwako wa fizi nao unafanya insulini isifanye kazi vizuri, wanasukumana. Mapitio makubwa ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za tiba, yalijumlisha tafiti nyingi yakakuta kutibu fizi kunashusha HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu, kwa asilimia 0.43 hivi baada ya miezi mitatu mpaka minne. Inaweza kuonekana ndogo ila ni kama faida ya kuongezewa kidonge kingine, na hapa hujanywa kitu. Kipimo hicho kinaangalia miezi mitatu nyuma, kwa hiyo ukikipima wiki hii hakijaona kitu, subiri mwezi wa tatu, na usiache wala kupunguza dawa zako kwa kusikia haya. Na mwambie daktari wa kliniki ya sukari kwamba ile CRP ilitolewa siku moja baada ya kusafishwa fizi, aandike kwenye faili, asije akaanza kukutafutia ugonjwa mwingine.

Rudi kwa daktari wa meno kati ya wiki ya 8 na ya 12. Mwombe akupime upya mdomo mzima na akusomee namba kwa sauti, hasa za lile jino, za kabla na za sasa. Mfuko wa milimita 6 ukishuka 1 mpaka 2 ni matokeo mazuri ya kawaida, usitegemee urudi 2. Ukikuta 4 au chini na hakuna damu, pale pamefunga, utakuwa unarudi kila miezi mitatu kusafishwa maana bakteria wale wanajijenga upya ndani ya wiki hadi miezi michache hata ukiwa msafi. Ukikuta 5 na damu, atapasafisha tena. Ukikuta bado 6 na zaidi na damu au usaha, mwulize kuhusu kufungua fizi kidogo ili aone mzizi kwa macho, maana meno ya nyuma mizizi inagawanyika na pale kwenye panda vifaa havifiki vizuri kwa kupapasa. Ziandike hizo namba kwenye karatasi, sita za lile jino, unitumie nizione.